Siku Tisa za Mkorea

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, nyumbani kwa dada yake, hata kwa kinyozi, watu walimwita Mkorea, naye aliitika bila kinyongo. Korea yenyewe hakuwahi kutia mguu. Jina alilipata kwa kuuza magari ya Kikorea ya kampuni moja kwa miaka kumi na tisa, katika shorumu moja, kwenye meza ile ile ya karibu na kioo cha mbele. Na ukimpa dakika kumi tu, alikusimulia historia ya kampuni hiyo kama mtu anayeeleza habari za ukoo wake.

Alianza kazi wakati magari hayo yakichekwa. Watu waliyaita mikebe. Walisema ukifunga mlango wa kushoto, wa kulia unafunguka wenyewe. Mkorea alicheka pamoja nao, halafu akawavutia kiti. Aliwaambia kwamba kampuni ilianzia kwenye banda la kutengeneza malori mabovu, katika nchi iliyokuwa imetoka vitani juzi tu. Injini za kwanza waliazima kwa wenzao waliowatangulia. Walipopeleka magari yao ng'ambo kwa mara ya kwanza, yaliota kutu mapema mno, wakawa kichekesho cha dunia. Mtu mwingine angefunga duka, Mkorea alisema, lakini wale walikaa chini wakajiuliza wamekosea wapi, wakarudi na dhamana ndefu kuliko ya mtengenezaji mwingine yeyote. Hapo ndipo alipokuwa akiishusha sauti. Aliwauliza wateja kama wanamjua mtu mwenye akili timamu anayeweza kuahidi kitu kwa miaka kumi kama hana hakika nacho.

Wateja wake aliwajua mmoja mmoja. Kulikuwa na dereva wa teksi ambaye gari lake lilikwisha kutembea kilomita laki sita, na kila mwezi alipita kuliegesha mbele ya kioo ili wanunuzi walione. Kulikuwa na mwalimu mkuu ambaye rangi ya boneti ilimchubuka mwaka wa tatu, akaja juu kweli kweli, gari likapakwa rangi upya, na baadaye akanunua gari la pili. Kulikuwa na fundi cherehani mtu mzima ambaye vishikio vya mlango vilimkatikia mara mbili, na mara zote mbili alivileta vimefungwa kwenye leso kama jino la mtoto. Wote walilalamika, na wote walirudi. Mkorea alisema hiyo ndiyo ndoa.

Na kulikuwa na mkunga. Huyo alikuja miaka mitano iliyopita akiwa na mama yake, akitafuta gari la kumfikisha hospitali saa yoyote atakayoitwa. Moyo wake ulikuwa kwenye gari jingine, la Kijapani, lililokwisha kutumika, alilokuwa ameliona mtaa wa pili. Mkorea hakulisema vibaya lile gari. Alimfungulia mama mlango wa nyuma, akamwomba akae tu, anyooshe miguu. Mama, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, alikaa humo robo saa nzima akipapasa kitambaa cha kiti, kisha akasema yeye hashuki. Mkunga alicheka mpaka akajifuta machozi. Gari lilinunuliwa siku hiyo, la rangi ya maziwa, na tangu hapo mama akawa anamwita Mkorea mwanangu.

Barua ilifika siku ya Jumatatu. Ilitoka kwa watengenezaji ikapitia kwa mwagizaji, yaani kampuni iliyokuwa na haki ya kuingiza magari hayo nchini, ambayo ndiyo iliyomiliki shorumu. Meneja aliwaita watu wanne tu kwenye chumba cha mikutano na kufunga mlango. Mkorea alikuwemo, na fundi mkuu wa gereji pia, mtu mfupi asiyependa maneno, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Katika magari ya toleo fulani, kifaa kimoja cha umeme kinachoongoza breki kilikuwa na kasoro. Unyevu uliweza kupenya ndani yake, na kwa kuwa kilikuwa kinapata umeme hata gari likiwa limezimwa, kiliweza kupata moto na kuwaka. Gari lingeweza kuungua likiwa limeegeshwa, ufunguo uko ukutani na mwenyewe amelala. Watengenezaji waliagiza wenye magari wajulishwe bila kuchelewa, wayaegeshe nje, mbali na nyumba, mpaka fyuzi mpya ifungwe.

Fyuzi hizo hazikuwepo. Zilikuwa njiani, zingechukua wiki tatu, pengine nne. Meneja aliongea kwa upole kama kawaida yake. Alisema magari yaliyoungua duniani kote yanahesabika kwa vidole. Alisema wakiwapigia watu simu leo, kesho mlango wa shorumu utajaa watu wanaodai kitu kisichokuwepo, na keshokutwa habari itakuwa kila mahali. Wangesubiri spea zifike, ndipo waite magari kwa utaratibu, kama matengenezo ya kawaida. Fundi mkuu aliuliza kama barua haisemi bila kuchelewa. Meneja akamjibu kwamba wiki tatu si kuchelewa, ni kujiandaa. Fundi mkuu alivua miwani, akaukaza ule uzi.

Mkorea ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta magari hayo kwenye kumbukumbu, kwa kuwa mengi aliyauza yeye. Ilimchukua mchana kutwa. Yalikuwa magari mia mbili na kumi na mawili. Kila namba ya chesisi aliyoiandika ilimletea sura ya mtu. Namba ya thelathini na kitu ilikuwa gari la dada yake, yule waliyezaliwa tumbo moja. Alitua kalamu, akanywa maji, akaendelea. Ukurasa uliofuata ulikuwa na gari la mkunga.

Alipotoka kazini hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akalikuta gari limeegeshwa mahali pake pa siku zote, chini ya dirisha la chumba cha watoto. Alimwita shemeji yake nje, akamweleza kwa maneno machache, na wawili hao wakalisukuma gari hadi kwenye uwanja mtupu wa kando ya uzio. Mkorea akafungua boneti na kuchomoa waya wa betri kwa mikono yake. Akawaambia kila wakirudi na gari wafanye hivyo hivyo, na wasimwambie mtu, kwa sababu habari haijatangazwa.

Shemeji alishukuru. Dada yake alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani, akimtazama.

"Na wengine umewaambia?" aliuliza.

"Wataambiwa."

"Lini?"

"Spea zikifika. Kuna utaratibu."

 Dada yake alirudi ndani akaendelea na vyombo vyake, na Mkorea akaondoka bila kukaa. Njiani alijiambia amefanya linalompasa mtu kufanya kwa damu yake. Alikuwa na sababu zake, na zilikuwa sababu nzuri ukizisikia kwa haraka. Alibakiza miaka mitatu astaafu. Simu za ofisini zilirekodiwa. Na meneja hakuwa mtu mbaya, mke wa Mkorea alipougua alimpa ruhusa ya miezi miwili amwuguze mpaka mwisho, bila kumhoji. Sababu hizo alizipanga moja juu ya nyingine, na bado usingizi ulimpita pembeni.

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, mkunga aliingia shorumu.

Alikuwa amelileta gari kubadilishiwa oili. Alikuwa bado na sare, amechoka, macho mekundu. Alisema jana yake amezalisha mapacha, wote watatu wako salama, kisha akajisahihisha kwamba ni watatu ukimhesabu mama yao, na wote wawili wakacheka. Alikaa kwenye kiti cha mbele ya meza ya Mkorea, akavua viatu kidogo kupumzisha vidole. Mama alikuwa hajambo, magoti tu. Alikuwa amemtumia Mkorea salamu.

Halafu akauliza kama ile taa ndogo ya breki iliyokuwa ikiwaka na kuzima juzi ni kitu cha kuhofia.

 Orodha ilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko cha Mkorea. Meneja alikuwa nyuma ya kioo cha ofisi yake, anaongea na simu. Ilikuwa sentensi moja tu, ya kusema hata kwa kunong'ona: usiliegeshe karibu na nyumba. Alifungua mdomo, na maneno yaliyotoka yakawa kwamba atamwambia fundi aitazame.

"Basi nikikuachia wewe nina amani," mkunga alisema, akavaa viatu vyake.

Fundi aliyelihudumia gari hakuwa mmoja wa wale wanne. Alipima mafuta ya breki, akakuta yako sawa, akaizima ile taa ya onyo kwa mashine na kuandika kwamba hakuna tatizo. Fundi mkuu alipita, akaiona namba ya gari, akamtazama Mkorea kutoka upande wa pili wa gereji. Wakatazamana kama wezi wawili waliokutana dukani. Kisha kila mmoja akageukia kazi yake. Mkunga aliondoka akipunga mkono dirishani.

Jumatano iliyofuata, siku ya tisa tangu barua ifike, Mkorea alikuwa akimwonyesha mteja jinsi kiti cha nyuma kinavyokunjwa pale simu yake ilipoanza kulia mfululizo. Wamiliki wa magari hayo walikuwa na kundi lao simuni, ambako kwa kawaida walibishana kuhusu matairi na kuuziana mazulia ya gari. Sasa mtu alikuwa ametuma picha. Kilichoonekana kilikuwa kibanda cha gari kilichounganishwa na ukuta wa jiko, bati limejikunja kama karatasi, na chini yake kiunzi cheusi. Mlango mmoja wa nyuma haukuwa umeungua wote. Ulikuwa wa rangi ya maziwa.

Yaliyotokea aliyajua baadaye, kipande kwa kipande. Mkunga alikuwa amerudi asubuhi kutoka zamu, ameegesha, ameingia kulala. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Aliona moshi ukitoka chini ya boneti akadhani ni maji yamechemka, ingawa gari lilikuwa limezimwa tangu saa mbili. Akaenda na ndoo. Moto ulipolipuka alikumbuka mkoba wa kazi wa binti yake, wenye vyeti vyake vyote, uko kwenye kiti cha nyuma. Aliufungua ule mlango kwa mikono mitupu. Mkoba aliutoa. Ukuta wa jiko ulikuwa umeshashika moto wakati mkunga anaamshwa na ukelele wa jirani, na alipofika uani alimkuta mama yake amekaa chini kwenye nguo zilizoanguka, ameinyanyua mikono yote miwili mbele yake, anaiangalia tu.

Siku iliyofuata meneja alimpeleka Mkorea hospitali pamoja na kapu la matunda. Ndani ya gari alimfundisha la kusema: kampuni imesikitika, uchunguzi unaendelea, chanzo bado hakijulikani. Walikaa wodini dakika chache. Mama alikuwa amefungwa bendeji hadi viwikoni. Alipomwona Mkorea uso ulimchangamka kidogo, akamshukuru kwa kuacha kazi zake kuja kumtazama mgonjwa. Meneja aliyasema yale ya kampuni. Mkunga aliyasikiliza akiwa amesimama dirishani, na macho yake hayakutoka kwa Mkorea.

Mkorea alirudi kwa miguu mchana huo huo, peke yake. Alimkuta mkunga kwenye benchi la korido, nje ya wodi, amejiegemeza ukutani. Hakukaribishwa kukaa. Alisimama mbele yake kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Nilijua," alisema.

Mkunga hakushtuka. Aliuliza, tangu lini.

"Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Barua ilikuja. Inasema magari yasiegeshwe karibu na nyumba."

"Alhamisi iliyopita nilipokuja pale kwako, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakuuliza habari ya taa."

"Ndiyo."

Mfanyakazi wa usafi alipita na ndoo na fagio la maji, wakamngojea apite. Mkunga alipouliza tena sauti yake ilikuwa ya kazini, ile ya kumwuliza mgonjwa maumivu yameanza saa ngapi. Alitaka kujua kama kuna mtu yeyote ambaye Mkorea alimwambia.

Hapo Mkorea angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angemkamata.

"Dada yangu," alisema. "Siku ile ile."

Alitegemea matusi, pengine kofi. Angeyapokea yote mawili na kuona nafuu. Mkunga aliichezea pete kidoleni. Kisha akafungua ule mkoba, ambao ulikuwa bado unanuka moshi, akatoa daftari na kalamu, akampa.

"Yaandike. Yote, na tarehe. Na la dada yako liandike. Ukimaliza weka jina lako, lile la kitambulisho, halafu uondoke. Mama asijue leo. Leo anakuona mtu."

Aliandika kurasa tatu akiwa amepiga magoti, daftari juu ya benchi, kwa sababu mkunga hakusogea kumpa nafasi.

Asubuhi ya pili alimfuata fundi mkuu kwenye kijiofisi chake cha gereji, akaweka orodha mezani. Hakuwa na hotuba. Alimwambia anataka kuwapigia simu watu wote na simu yake peke yake haitatosha. Fundi mkuu alivua miwani, akaifuta kwa ovaroli, jambo ambalo liliichafua zaidi. Kisha akakata orodha katikati kwa rula, akachukua nusu.

Walipiga simu siku mbili. Mwalimu mkuu alimtukana Mkorea kwa Kiswahili sanifu kisichokuwa na kosa hata moja. Fundi cherehani alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza achomoe waya upi, mwekundu au mweusi, akaomba angojewe akatafute kalamu. Dereva wa teksi, ambaye gari lake lilikuwa la zamani zaidi na halikuwemo kwenye orodha, alikuwa amesikia kwa wenzake, akampigia mwenyewe kumwuliza kwa nini alimfanya alisimamishe gari mbele ya kile kioo miaka yote.  Mwanamume mmoja alisema gari lake hulilaza ubavuni mwa chumba cha mtoto mchanga, akaitupa simu bila kuikata, na Mkorea alisikia miguu yake ikikimbia kabla mstari haujakatika.

Meneja aliwaita siku ya pili jioni. Fundi mkuu alisema yeye ameshakusanya vifaa vyake. Wote wawili walimwaga unga siku hiyo, ila fundi mkuu aliokotwa na gereji nyingine kabla ya wiki kwisha. Muuzaji wa miaka kumi na tisa aliyewapigia wateja simu kuwaambia bidhaa inaungua ni mtu mgumu kumwajiri. Mkorea alikaa nyumbani miezi miwili, kisha akapata nafasi kwenye duka la matairi, ya kupokea mzigo na kuandika stakabadhi. Hapo walimwita kwa jina lake.

Fyuzi zilifika wiki ya tano, si ya tatu. Hakuna gari jingine lililoungua. Meneja alihamishiwa tawi jingine. Kesi ambayo mkunga alimfungulia mwagizaji ilisikilizwa, na zile kurasa tatu zilisomwa kwa sauti mbele ya watu. Wakili wa mwagizaji alimwuliza Mkorea, kwa adabu nyingi, mtu anayemwonya dada yake na kumnyamazia mteja aliyeketi mbele yake aaminiwe kwa lipi. Mkorea alisema hajui. Mama yake mkunga alikuwa kiti cha mbele, na kwa mara ya kwanza alikuwa akilisikia jambo hilo. Mkono wa kulia ulikuwa umepona, wa kushoto vidole vilikuwa vimekakamaa kama vinashika kikombe kisichoonekana. Alimtazama Mkorea mpaka alipoteremka kizimbani, kisha akamgeukia binti yake akaomba wamtoe nje, anasikia joto.

Dada yake alikuwepo pia, safu ya nyuma. Hakuwahi kumlaumu kwa mdomo. Lakini lile gari hakulipanda tena, hata baada ya kufungwa fyuzi mpya. Alisema akiketi humo ataona kama amekaa kwenye nafasi ya mtu.

Miezi mitano baada ya kesi, asubuhi, Mkorea alikuwa dukani akihesabu matairi pale simu ilipolia kwa namba asiyoijua. Aliitambua sauti kabla haijamaliza neno la kwanza. Mkunga hakumsalimu. Alisema kaka yake amemwazima gari, la kampuni ile ile, toleo jingine, na hana namna nyingine ya kufika kazini. Alitaka kujua kama lina shida.

"Namba ya chesisi unayo?" Mkorea aliuliza.

Alikuwa nayo. Aliisoma polepole, herufi kwa herufi, na Mkorea akaiandika kwa chaki kwenye tairi lililokuwa karibu yake, kwa sababu karatasi ilikuwa mbali na aliogopa kumwambia angoje. Kisha akaitafuta kwenye tovuti ya watengenezaji, ambako sasa kila mtu aliweza kutazama orodha ya magari yenye kasoro. Aliiandika mara mbili ili asikosee.

"Halimo," alisema. "Kifaa chake ni kingine kabisa."

"Una hakika?"

"Nisomee tena."

Mkunga akaisoma tena, tangu mwanzo, naye akaifuata kwa kidole juu ya mpira mweusi, namba moja baada ya nyingine, mpaka wakaimaliza yote.

"Halimo," alisema.

Simu ikakatwa.